Mashine ya Mapafu Ilivyobeba Watu Weusi Ufala, na Kwa Nini Msee wa Mjengo Kanairo Anafaa Kuwa Rada

Tuanze na mtu kila mmoja anamjua. Oktoba 12, 2019, Eliud Kipchoge alikimbia marathon pale Vienna kwa saa 1, dakika 59 na sekunde 40. Dunia ilisimama. Wazungu walilia, sisi tukapiga nduru kwa mabaa na kejani.

Sasa cheki hii. Kama Kipchoge angeingia hosi ya majuu wiki hiyo akapimwe mapafu, kuna uwezekano mkubwa mashine ingekuwa imeamua kitu kumhusu kabla hata apulize. Ingeamua ati kwa sababu ni mweusi, hewa inayotarajiwa kutoka kwake ni kidogo kuliko ya mzungu wa umri huo huo na urefu huo huo.

Najua mbio si mapafu pekee. Kuna moyo, kuna damu, kuna miguu na kichwa ngumu. Lakini hebu fikiria vile inakaa: ngozi yako inapunguziwa marks kabla ufanye mtihani. Na hii si story ya zamani za kale. Ilikuwa kawaida ya hosi kubwa za dunia hadi juzi tu, na sehemu nyingi bado inaendelea.

Kabla useme "hiyo ni maneno ya majuu, hainihusu", kaa kidogo. Kama uko jua kali, kama unachonga mawe, kama unachomelea vyuma, kama umelelewa karibu na moshi wa taka, hii hesabu inaweza kugusa mfuko wako moja kwa moja.

Hiyo mashine ni gani kwanza?

Inaitwa spirometa. Wengi hawajawahi kuiona kwa sababu hosi nyingi za mtaa hazina. Unaketi, unabanwa pua na kitu kama kibanio cha nguo, unavuta hewa hadi mwisho, halafu unapuliza kwa mrija kwa nguvu zako zote. Anayekupima anakupigia kelele kama kocha: "Puliza! Puliza! Usiache! Endelea!" Unapuliza hadi macho yanatoka maji. Unarudia mara tatu hivi ili wapate majibu ya maana.

Mashine inatoa namba mbili muhimu. Ya kwanza ni hewa yote uliyoweza kutoa. Ya pili ni hewa iliyotoka ndani ya sekunde ya kwanza pekee. Mtu wa pumu, njia zake zimebanwa, kwa hivyo ile ya sekunde ya kwanza inashuka sana. Mtu ambaye mapafu yamekauka juu ya vumbi la mawe au asbestosi, mara nyingi hewa yote kwa jumla ndiyo inapungua.

Hadi hapo hakuna shida. Lita ni lita. Ukitoa lita 3, umetoa lita 3, uwe wa Kayole ama wa Karen.

Shida inaanza kwa swali linalofuata: lita 3 ni nyingi ama kidogo? Kujibu hilo, mashine inakulinganisha na watu "wa kawaida". Inauliza umri wako, urefu wako, wewe ni mwanaume ama mwanamke. Halafu, kwa miaka mingi, imekuwa ikiuliza swali la nne: wewe ni kabila gani la dunia?

Hapo ndo mchezo unachezwa.

Piga hesabu na mimi

Tuseme kuna jamaa wa miaka 32, mchonga mawe. Anapuliza, sekunde ya kwanza inatoa lita 3.0. Hizi namba nimezichagua zikuwe rahisi, lakini hesabu ndiyo ile inayofanyika.

Kama mashine inamuona mzungu, inasema wa saizi yake anafaa kutoa lita 4.0. Kwa hivyo 3.0 ni asilimia 75. Madaktari wengi wamezoea mstari wa asilimia 80, kwa hivyo huyu amekuwa chini. Ataitwa ndani, atapigwa picha ya kifua, ataulizwa anafanya jobo gani.

Kama mashine inamuona mweusi, inapunguza matarajio. Kwa weusi, punguzo hilo limekuwa kati ya asilimia 10 na 15. Tupige 15. Sasa anatarajiwa kutoa lita 3.4 tu. Zile zile 3.0 zinakuwa asilimia 88. Anaambiwa "uko fiti", anarudi kwa vumbi.

Mapafu ni yale yale na pumzi ni ile ile. Mmoja ameitwa mgonjwa, mwingine ameambiwa aende kazi.

Nani alileta hii maneno?

Spirometa ya kisasa ilitengenezwa na daktari Mwingereza anaitwa John Hutchinson. Mwaka 1846 alichapisha kazi yake baada ya kupima zaidi ya watu 2,000: wanajeshi, polisi, wapiganaji mieleka, maskini wa mtaani, hadi wazito wa London. Aligundua kitu cha maana, kwamba hewa ya mapafu inaenda na urefu wa mtu. Na tangu mwanzo aliona kuna doo hapo: alitaka makampuni ya bima ya maisha yaitumie kujua nani atakufa mapema. Kwa hivyo tangu siku ya kwanza hii mashine imekuwa ya afya na ya pesa kwa wakati mmoja.

Halafu ikavuka bahari ikafika Marekani, ikaangukia mikononi mwa Samuel Cartwright. Huyu alikuwa daktari wa kusini, mtetezi mkali wa utumwa. Mwaka 1851 ndo alibuni "ugonjwa" wa akili unaofanya mtumwa atoroke bwana wake. Ndio, umesoma vizuri. Kwake, mtu kutaka uhuru ilikuwa ni ugonjwa. Huyo huyo ndo alichukua spirometa akasema mapafu ya watu weusi yana upungufu wa karibu asilimia 20. Na dawa yake? Kazi ngumu ya shamba chini ya mzungu, ati inachangamsha damu.

Baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe Marekani, Benjamin Gould alitoa ripoti kubwa mwaka 1869 kuhusu vipimo vya wanajeshi. Namba za wanajeshi weusi zilikuwa chini. Hakuna aliyetoa jibu la maana kwa swali la wazi: hawa watu wametoka utumwani juzi, wamelala wapi, wamekula nini, wamevuta moshi wa aina gani? Waliandika tu "mweusi", wakafunga kitabu.

Hiyo tofauti ikaingia kwa vitabu vya madaktari, ikaingia kwa mashine, ikawa kitufe. Profesa Lundy Braun wa Marekani aliifuatilia hii historia yote, akaandika kitabu mwaka 2014 kinaitwa Breathing Race into the Machine. Alionyesha vile wapimaji wengi walikuwa wanabonyeza hicho kitufe bila kujua kilitoka wapi.

Lakini si tofauti ipo kweli?

Hili swali ni la haki, tusilikimbie. Ukipima maelfu ya watu, kweli wastani wa makundi unatofautiana. Sehemu ya sababu ni maumbo: kuna watu wana miguu mirefu na kiwiliwili kifupi, na mapafu yanakaa kwa kiwiliwili, si kwa miguu. Urefu wa kusimama unaweza kukudanganya hapo.

Sehemu nyingine ni maisha. Mtoto aliyezaliwa na uzito mdogo, aliyekosa lishe, aliyeugua nimonia mara kwa mara, aliyelelewa na moshi wa makaa, mapafu yake hayafiki mwisho wa uwezo wake. Ukichukua umaskini na moshi, ukauita "rangi", umefanya kitu hatari sana: umeigeuza dhuluma ikawa kawaida. Mashine inakuambia "kwa mtu kama wewe, hii ni sawa", na ukweli ni kwamba si sawa. Ni vile tu watu wengi kama wewe wameumia pamoja.

Kwa Nairobi hii kitu iko wazi kabisa. Kulikuwa na utafiti unaitwa Tupumue, ulilinganisha watoto wa shule wa Mukuru na wa Buruburu. Ni mitaa imekaribiana, watoto wa jiji moja. Wa Mukuru walikuwa na dalili nyingi zaidi za kifua, lakini wa Buruburu ndo walikuwa wameambiwa zaidi na daktari kwamba wana pumu. Yaani anayeumia zaidi ndo anajulikana kidogo. Na rangi haiwezi kueleza hiyo, wote ni watoto weusi wa Kanairo.

Doo ndo huonyesha nia

Mwaka 1999, pale Baltimore, kampuni ya Owens Corning ilikuwa imeshtakiwa na maelfu ya wafanyikazi waliovuta vumbi la asbestosi. Wakili wa kampuni wakaenda kortini na hoja moja: kwa sababu mapafu ya weusi kwa kawaida ni madogo, basi mfanyikazi mweusi aonyeshe madhara makubwa zaidi kuliko mzungu ndo kesi yake ikubaliwe. Kazi moja, vumbi moja, lakini mweusi aumie zaidi ndo alipwe.

Kama unafuata michezo ya Marekani unajua hii filamu. NFL ilikuwa inawalipa wachezaji wa zamani walioumia ubongo. Ikagunduliwa kwamba mahesabu yalikuwa yanaanza na dhana kwamba mchezaji mweusi ana uwezo wa akili wa chini, kwa hivyo ni ngumu kuonyesha amepoteza kitu. Kelele ikapigwa, na mwaka 2021 NFL ikakubali kuachana na hiyo. Mapafu ni story ile ile kwa kiungo kingine.

Majuu wamebadilisha nini?

Kwa muda mrefu hosi nyingi duniani zimetumia hesabu za GLI za mwaka 2012. Ni kazi kubwa, ilitumia data ya watu wazima kwa watoto zaidi ya 74,000. Lakini orodha yake ya kuchagua ilikuwa na mzungu, Mwafrika-Mmarekani, Waasia wa makundi mawili, halafu "wengineo".

Sasa niambie, msee wa Githurai anakaa wapi hapo? Wenye waliunda hizo hesabu wenyewe walikubali kwamba data ya Afrika kusini mwa Sahara haikutosha. Kwa hivyo ukiwa umezaliwa Kakamega ama Kilifi, hujawahi hata kupanda ndege, mashine inaweza kukupatia uraia wa Chicago na kukupima nayo.

Mwaka 2023 chama cha madaktari wa mapafu cha American Thoracic Society kikasema imetosha. Kikapendekeza hesabu moja ya dunia isiyouliza rangi, inaitwa GLI Global. Mwaka uliofuata, 2024, watafiti wakachapisha kwenye New England Journal of Medicine hesabu ya kinachoweza kutokea Marekani ikitumika. Watu milioni 12.5 wangebadilishwa kundi kuhusu kama mapafu yao yana shida ama la. Malipo ya ulemavu kwa wanajeshi weusi waliostaafu yangeweza kupanda kwa zaidi ya dola bilioni 1 kwa mwaka.

Soma hiyo tena. Dola bilioni 1, kila mwaka. Hiyo ndo bei ya kitufe kimoja.

Usisherehekee haraka

Wasee, upanga huu una makali mawili. Utafiti huo huo ulionyesha kwamba watu zaidi ya milioni 2 Marekani wangeguswa kwa upande wa kukubaliwa au kukataliwa kazi zinazohitaji mapafu safi, kama zimamoto. Jana mweusi aliambiwa "uko fiti", akapewa jobo. Leo mashine inamwambia "mapafu hayatoshi", anarudishwa nyumbani. Hata mgonjwa wa saratani ya mapafu anayehitaji kukatwa sehemu, daktari anaweza kuangalia namba mpya akaogopa kumpasua.

Na hesabu mpya haikufanyi mzungu. Imechanganya makundi yote, kwa hivyo inaangukia katikati. Turudi kwa mchonga mawe wetu. Tuseme hesabu mpya inamtarajia lita 3.7. Lita zake 3.0 zinakuwa asilimia 81. Yuko mpakani. Daktari mwenye haraka atamwambia aende. Daktari makini atamuuliza maswali.

Kwa hivyo kubadilisha hesabu ni hatua, na ni hatua poa. Lakini haimalizi kesi. Kuna kitu kingine kinachoweza kumsaidia huyu jamaa zaidi, na cha ajabu ni kwamba kiko kwa sheria ya Kenya tayari.

Jilinganishe na wewe wa jana

Kanuni za uchunguzi wa afya kazini za mwaka 2005 zinataka wafanyikazi wa kazi hatari, zikiwemo za vumbi, wapimwe mara tatu: kabla ya kuanza kazi, wakiwa kazini kila baada ya muda, na wakitoka. Gharama ni ya mwajiri, si yako.

Angalia vile hii inamaliza ubishi wa rangi. Mtu mzima asiyevuta sigara hupoteza hewa kidogo kila mwaka, kama mililita 30 hivi kwa ile pumzi ya sekunde ya kwanza. Ni uzee tu, hata Kipchoge hawezi kuukimbia. Sasa tuseme mchonga mawe wetu alipimwa siku ya kwanza akiwa na miaka 22, akatoa lita 3.8. Miaka 10 baadaye anafaa kuwa na kama lita 3.5. Amepatikana na 3.0. Nusu lita imeenda wapi?

Hapo hakuna wakili atasema "mapafu ya weusi ni madogo". Yalikuwa 3.8. Karatasi iko. Huyu hajalinganishwa na mzungu, wala na Mwafrika-Mmarekani, wala na wastani wa dunia. Amelinganishwa na yeye mwenyewe.

Na hapo ndo doo inaingia. Sheria ya fidia ya wafanyikazi ya mwaka 2007, ile watu wa mjengo huita WIBA, haihusu tu kukatika kidole. Magonjwa ya mapafu yanayoletwa na vumbi la kazi pia yako ndani. Ulemavu wa kudumu unaweza kulipwa hadi mshahara wa miezi 96, kulingana na asilimia ya ulemavu. Asilimia hiyo daktari ataitoa wapi kwa mtu wa mapafu? Sehemu kubwa ni kwa spirometa. Ukikosa kipimo cha siku ya kwanza, unabaki kubishana na "kawaida" ya mtu mwingine.

Lakini kwa ground tunajua vile mambo iko. Kibarua wa mjengo analipwa jioni kwa mkono, hana barua, hana namba ya kazi. Wa machimbo ya mawe kule Juja anafunga kitambaa usoni na kuomba Mungu. Fundi wa Kamukunji amechomelea na kugonga mabati miaka 20 na hajawahi kuona huo mrija. Sheria iko kwa kabati, vumbi iko kwa kifua. Huo ndo ubishi Kenya inafaa kuwa nao, na bado hatujauanza. Tunangoja Wamarekani wabadilishe programu, halafu sisi tuipakue.

Inafaa pia hesabu za Wakenya zitengenezwe na data ya Wakenya wenye afya, wa bara na wa pwani, wa mabondeni na wa milimani. Kufanya hivyo bila kuchunga, hata hivyo, ni kurudia kosa lile lile: ukichukua watu waliolelewa kwa moshi ukawaita "kawaida ya Kenya", umewahalalishia moshi wajukuu wao.

Sasa ufanye nini?

Ukiwahi kukalia kile kiti ukabanwa pua, uliza vitu vitatu. Moja, mmenichagulia kundi gani hapo kwa mashine, na mnatumia hesabu gani? Hiyo si jeuri, ni haki yako. Mbili, omba nakala yenye lita, si asilimia pekee. Asilimia inabadilika mtu akibonyeza kitufe tofauti, lita zinabaki pale pale. Tatu, uliza kama kuna kipimo chako cha zamani cha kulinganisha. Kama hakuna, hicho cha leo ndo kianzie hapo. Kipige picha, kitumie kwa simu ya mathe, kiweke mahali hakitapotea.

Na kama unaanza jobo ya vumbi wiki ijayo, usione aibu kumuuliza mkubwa kuhusu kipimo cha kuingia. Anaweza kukucheka. Anaweza kukuambia kuna wengine 50 wako kwa gate wanataka hiyo nafasi, na itakuwa ukweli. Ndo maana hili ni swali la kuulizwa na mbogi nzima, na chama cha wafanyikazi, na wakaguzi wa serikali, si msee mmoja peke yake asubuhi ya Jumatatu akiwa na njaa.

Cartwright alikufa zamani. Kitufe chake kilibaki miaka zaidi ya 170. Usikubali kikaamua na wewe, na hata hujui kilibonyezwa lini.